Kifaransa cha Robo Saa kwa Siku

Siku hizi ukisema unataka kujifunza Kifaransa, karibu kila mtu atakupa jibu moja: pakua programu. Kaa nyumbani kwako, toa robo saa kila siku, usikatize, na baada ya muda utakuwa unazungumza. Darasa ni kupoteza nauli, na mwalimu ni mambo ya zamani. Ukiona hujafika popote, jibu la pili nalo liko tayari: hukuwa na nidhamu, ungekazana ungeweza.

Mimi hufundisha Kifaransa jioni, watu wazima, na wengi wanaonijia wametokea huko. Napinga majibu yote mawili, na la pili nalipinga kwa uchungu zaidi. Watu hawa si wavivu. Wamefanya mazoezi kwenye daladala, jikoni, usiku watoto wakishalala, na bando wamenunua kwa fedha zao. Kisha wanakaa mbele ya mtu anayezungumza Kifaransa, hawaelewi alichosema, nao wanaondoka wakiamini kwamba kasoro ni yao. Kasoro iko kwenye ahadi waliyopewa, na ahadi hiyo inaweza kupimwa.

Tuanze na muda. Taasisi inayowafunza lugha wanadiplomasia wa Marekani hukadiria kwamba mzungumzaji wa Kiingereza anahitaji kama saa 600 hadi 750 za darasani ndipo aweze kufanya kazi kwa Kifaransa, na hapo Kifaransa kimewekwa katika kundi la lugha zilizo rahisi zaidi kwake. Hizo ni saa za kukaa na mwalimu katika vikundi vidogo, kujisomea nyumbani hakujahesabiwa. Chukua kadirio la chini, saa 600, uligawe kwa robo saa. Unapata siku 2,400, yaani zaidi ya miaka sita na nusu bila kuumwa, bila msiba, bila simu kuharibika. Aliyemaliza mwaka mzima wa robo saa kwa siku ana saa 91 mkononi, kama asilimia 15 ya kazi. Kumwita mtu huyo mvivu ni kumwonea.

Hata hivyo, muda si hoja yangu kubwa. Saa hizo 91 zingekuwa mali kama zingetumika kwa kazi inayofanana na kuzungumza. Tazama zoezi lenyewe lilivyo. Kioo cha simu kinaleta sentensi kwa Kiingereza kuhusu mvulana anayekula tofaa. Chini yake kuna vipande vya maneno: le, garçon, mange, une, pomme, na viwili vitatu vya kupotosha, tuseme chat na boit. Unagusa kimoja baada ya kingine, mlio wa ushindi unasikika, unaendelea. Katika kazi hiyo yote hukutafuta neno hata moja kichwani, maana yote uliletewa. Hukuchagua jinsia ya nomino, kwa sababu une ilikuwepo peke yake bila un. Hukunyambua kitenzi, na mdomo wako haukufunguka. Umelitambua jibu lililokuwa mbele yako.

Kutambua ni ujuzi wa kweli, siubezi. Anayetambua anaweza kusoma tangazo au kufuata maelezo kwenye paketi ya dawa. Lakini kutambua na kutoa ni kazi mbili, na ya kwanza haizai ya pili kwa kurudiwa tu. Dada mmoja alinijia akiwa na mfululizo wa siku usiokatika kwa zaidi ya mwaka. Nikamwuliza kwa mwendo wa kawaida anatoka wapi: Tu viens d'où ? Akanitazama. Nikarudia. Akasema, "Mwalimu, naomba uandike ubaoni." Nilipoandika alielewa papo hapo, akatafsiri bila kosa. Maneno yote matatu alikuwa nayo tangu miezi ya mwanzo. Alichokosa ni sikio la kuyapokea yakiwa yameungana, na mdomo wa kurudisha jibu kabla aliyeuliza hajakata tamaa. Hakuna dakika hata moja ya mwaka ule iliyomdai vitu hivyo viwili.

Kwa nini programu nyingi zimekaa hivyo? Kwa sababu mguso wa kidole mashine inausahihisha mara moja na kwa gharama ndogo, ilhali sentensi uliyoitunga mwenyewe ni vigumu zaidi kuisahihisha. Halafu kuna biashara. Duolingo, iliyo maarufu kuliko zote, iliingia kwenye soko la hisa la Nasdaq mwaka 2021, na kila robo mwaka huwatangazia wanahisa idadi ya watu wanaoifungua kila siku. Ni kipimo halali cha biashara. Lakini kampuni inayopimwa kwa watu wanaorudi kesho itatengeneza kitu cha kukurudisha kesho. Ushindi mdogo mdogo hurudisha watu. Aibu ya kukwama katikati ya sentensi huwafukuza, na aibu hiyo ndiyo hatua ambayo hakuna mjifunzaji wa lugha aliyeiruka.

Tusijidanganye pia kwamba jambo hili limezaliwa na simu. Santuri za Linguaphone ziliahidi lugha nyumbani tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Nchini Ufaransa, Alphonse Chérel alianzisha Assimil mwaka 1929 kwa kitabu cha kuwafunza Wafaransa Kiingereza. Katika miaka ya 1960 profesa Paul Pimsleur wa Marekani alitengeneza kozi za kusikiliza ambazo humwachia mjifunzaji kimya cha kujibu kwa sauti kabla ya kusikia jibu sahihi. Watu wamejifunza kwa njia hizo, sikatai. Angalia tu zilichodai: Pimsleur alidai sauti yako, na Assimil iliandika vitabu vyake kwa kuzingatia lugha ambayo msomaji anayo tayari. Mambo hayo mawili ndiyo yaliyoachwa katika programu nyingi tunazopewa sisi, na hilo la pili limetugharimu kuliko tunavyojua.

Programu karibu zote zinazotumika kwetu humfundisha Mswahili Kifaransa kwa kupitia Kiingereza. Watu huliona hili dogo, kwa kuwa aliyesoma sekondari Kiingereza anakifahamu. Si dogo. Katika mambo mengi ya msingi Kifaransa kiko karibu na Kiswahili kuliko kilivyo karibu na Kiingereza, na anayepitishwa kwenye Kiingereza ananyang'anywa ukaribu huo.

Chukua somo la mwanzo kabisa. Mfaransa akiwa na njaa husema j'ai faim, kwa kitenzi cha kuwa na kitu. Sisi husema nina njaa. Akiwa na kiu, j'ai soif, nasi nina kiu. Akiwa na usingizi, j'ai sommeil, nasi nina usingizi. Akitaja umri, j'ai vingt ans, nina miaka ishirini. Mwingereza hatumii muundo huo. Kwake njaa na umri ni hali ambayo mtu yumo, naye hutumia kitenzi cha kuwa. Kwa hiyo mwanafunzi Mwingereza huandika je suis faim, na mwalimu anasahihisha kosa hilo mwaka mzima. Inauma kulikuta kosa hilohilo kwa kijana wa Tanga au Kitui, ambaye lugha yake ingemkinga nalo kabla hajaanza.

Au chukua mahali pa mtendwa. Je le vois: yule anayeonwa anatajwa kabla ya kitenzi. Kwa Mwingereza hilo ni geni, hujikwaa nalo kwa miezi. Kwa mtu anayesema ninamwona tangu utotoni, mtendwa kukaa kabla ya mzizi wa kitenzi ni jambo la kila siku. Je te cherche, ninakutafuta. Il nous aide, anatusaidia. Mpangie hata mtu asiyejua istilahi ya sarufi sentensi kumi za namna hii, Kiswahili juu na Kifaransa chini, ataona mpangilio mwenyewe.

Mfano wa tatu ndio unaoniudhi zaidi, kwa sababu hapa wanafunzi hukwama hadi ngazi za juu. Kifaransa kina hali ya kitenzi inayotumika baada ya kutaka na kulazimu: je veux qu'il aille, il faut que tu viennes. Vitabu vilivyoandikwa kwa Waingereza hulitangaza somo hilo kama mlima, nasi tunafika mlimani tukiwa tumeshaogopa. Lakini sisi husema nataka aende, hatusemi nataka anaenda. Husema lazima uje. Tuna kitenzi kinachobadilika baada ya nataka na lazima, na mtoto wa miaka minne hakosei. Miisho ya Kifaransa lazima uikariri, hapo hakuna mkato. Ila wazo lenyewe, kwa nini kitenzi kibadilike, Mswahili halihitaji kufundishwa. Anahitaji mtu wa kumwambia kwamba tayari analo.

Naweza kuendelea na upatanisho wa kisarufi. Anayesema viti vyangu viwili vimevunjika bila kufikiri hapaswi kushangaa kwamba kivumishi cha Kifaransa hufuata nomino yake. Tofauti ni kwamba jinsia ya nomino ya Kifaransa mara nyingi haionekani kwenye umbo lake, kwa hiyo neno lishikwe pamoja na kibainishi chake tangu siku ya kwanza: la table, le lit. Hata ile r ya Kifaransa inayotisha watu, anayetamka gh ya ghali na ghorofa kama inavyotamkwa pwani yuko jirani nayo kabisa. Arudishe ulimi nyuma kidogo zaidi. Tatizo letu la sauti liko kwingine, kwenye u ya tu na kwenye irabu zinazopitia puani, vin, vent, vont, ambazo masikio yetu huzisikia kama kitu kimoja. Hapo anahitajika mtu wa kukwambia umesema upepo wakati ulitaka kusema divai. Katika kutoa hukumu hiyo kwa makini ndipo mashine ilipo dhaifu, kwa kuwa mara nyingi hukubali matamshi yaliyo karibu tu.

Wafaransa wanacho kitabu cha Assimil cha kujifunza Kiswahili, kilichoandikwa kwa Kifaransa, kwa ajili yao. Sisi tunaambiwa tuzunguke kwa Kiingereza na tushukuru kwamba ni bure.

Kuna jambo jingine ambalo ahadi ya nyumbani hailigusi: Kifaransa cha nani? Ukijifunza kwa programu utahesabu kama wanavyohesabu Paris, soixante-dix kwa 70 na quatre-vingt-dix kwa 90. Sasa nenda Bukavu au Bujumbura ukanunue kitu. Utatajiwa septante na nonante, kwa sababu Kifaransa cha huko kiliingia na Wabelgiji. Ukiambiwa nonante-cinq na hujawahi kulisikia neno hilo, biashara imesimama kwenye bei, pale pale ulipohitaji kuelewa zaidi. Tena hao ndio wazungumzaji wa Kifaransa walio karibu nasi. Burundi na Rwanda zimo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007, Kongo iliingia mwaka 2022, na mwaka 2021 wakuu wa nchi waliridhia Kifaransa kiwe lugha rasmi ya jumuiya pamoja na Kiswahili. Mizigo ya Lubumbashi inashuka bandari ya Dar es Salaam. Wafanyabiashara wa Kongo wananunua Kariakoo. Kigoma meli huvuka kwenda Kalemie na Uvira. Wanyarwanda wengi waliosoma kabla ya 2008, nchi yao ilipogeukia Kiingereza mashuleni, walisomeshwa kwa Kifaransa. Halafu kijana wa Kigoma anajifungia chumbani na mchoro wa tofaa.

Wanaolenga Canada nao wasidanganywe. Tangu 2023 nchi hiyo imekuwa na mwaliko maalumu kwa wahamiaji wanaojua Kifaransa, lakini sharti lake ni kufikia kiwango cha 7 katika stadi zote nne: kusikiliza, kuzungumza, kusoma na kuandika. Mtihani wa Kifaransa wa DELF, ambao vijana wetu wengi hufanya, una mantiki hiyohiyo. Kila stadi ina alama 25, unafaulu kwa 50 kati ya 100, na ukipata chini ya 5 katika stadi yoyote umeanguka. Mtu aliyepata 25 kusoma, 20 kusikiliza, 15 kuandika na 4 kuzungumza ana jumla ya 64, na hana cheti. Huyo ndiye mwanafunzi ambaye njia ya kugusa vipande inamzalisha.

Mpinzani wangu mwenye hoja nzito kuliko wote ataniambia habari hizi zimepitwa na wakati: sasa kuna programu za akili mnemba zinazozungumza, zinauliza, zinajibu, zinasahihisha. Ni kweli, na ni hatua kubwa kuliko zote zilizotangulia. Kwa mara ya kwanza mtu aliye peke yake usiku anaweza kulazimika kutunga sentensi yake mwenyewe. Tena unaweza kuiambia ikuelezee kwa Kiswahili, na hapo sehemu ya malalamiko yangu inapungua. Nawahimiza wanafunzi wangu waitumie. Lakini angalia tabia yake. Inakusubiri. Inakisia ulichokusudia hata ulipovuruga, kisha inakusifu. Haikukatizi, haina haraka, haizungumzi na mwenzake huku wewe ukijaribu kuingia, haili silabi kama Mfaransa anayesema chais pas badala ya je ne sais pas. Afisa wa forodha Kasumbalesa hana subira ya namna hiyo. Aliyezoea msikilizaji asiyechoka anajua mazungumzo ya aina moja tu, na hukosa yale yanayomlisha.

Hoja ya gharama naiheshimu zaidi, kwa sababu wanaoitoa wanasema kweli. Darasa zuri lina ada ambayo kwa wengi ni ya kufikirisha, na madarasa yako miji mikubwa. Mtu wa Mpanda afanyeje? Ila hoja hiyo inadhani kuna milango miwili tu, ada au programu. Sijamwambia mtu aende darasani. Nasema nyumbani pawe mahali pa kusikia na kusema, na kwa hilo vifaa vipo, vingi bila malipo.

RFI, redio ya Ufaransa, ilianza matangazo yake ya Kiswahili Dar es Salaam mwaka 2010. Redio hiyohiyo ina taarifa ya habari ya kila siku ya dakika kumi kwa Kifaransa chepesi, Journal en français facile, pamoja na maandishi yake. Sikiliza kwanza habari za dunia kwa Kiswahili, kisha sikiliza taarifa ile ya Kifaransa. Unajua tayari nani kafanya nini na wapi, kwa hiyo sikio linabaki na kazi moja, kuyakamata maneno. Baada ya hapo fungua maandishi uone ulichokosa, uyasome kwa sauti, ujirekodi kwa simu yako, ujisikilize. Inachosha. Dakika ishirini za kazi hii zinachosha kuliko saa nzima ya kugusa vipande, na uchovu huo ndio unaoonyesha kwamba kichwa na mdomo vimefanya kazi.

Programu nayo ina nafasi yake hapo. Tangu Hermann Ebbinghaus achapishe utafiti wake wa kumbukumbu mwaka 1885 inajulikana kwamba tunasahau upesi, na kwamba marudio yaliyoachanishwa hushikilia kuliko marudio ya mfululizo. Programu ya kadi kama Anki, isiyo na malipo kwenye simu za Android, hufanya kazi hiyo vizuri sana. Tengeneza kadi zako mwenyewe. Upande mmoja sentensi kamili ya Kiswahili unayoweza kuhitaji kweli, upande wa pili Kifaransa chake, na usigeuze kadi kabla hujaitamka kwa sauti. Kiswahili, narudia, si Kiingereza. Nina kiu. Nataka aje kesho. Sikumwona. Kadi kama hizo hazina mlio wa ushindi, ila kila moja inakudai utoe kitu.

Imebaki sehemu ambayo hakuna kifaa kitakachokufanyia. Dar, Arusha, Nairobi na Kigoma kuna Wakongomani na Warundi wengi, wanafunzi, mafundi, wafanyabiashara, wachungaji, wanaohitaji Kiswahili cha maofisini au Kiingereza cha mikataba, nao wanakitafuta kwa shida kama wewe unavyotafuta Kifaransa. Anayeishi mbali nao anaweza kubadilishana nao ujumbe wa sauti kwa WhatsApp. Mwombe mmoja: nusu saa kwa lugha yangu, nusu saa kwa Kifaransa chako, mara mbili kwa wiki, bila mtu kumlipa mwenzake. Mkubaliane kwamba katika nusu saa ya Kifaransa hakuna kukimbilia Kiswahili, hata mkikaa kimya. Akiwa amekuzidi umri mwite papa au maman, kama wanavyoitana wenyewe. Na siku ya kwanza usimpelekee kitabu. Muulize bei za vitu sokoni kwao, mchele, mafuta, nguo, azitaje mara moja kwa kasi yake na mara ya pili polepole, nawe uandike tarakimu unazosikia, kisha umsomee wewe.